Harusi ya Uani: Anza na Majina, Hema Baadaye

Mdogo wangu, kabla hujapiga simu hata moja ya kuulizia hema, chukua daftari uandike majina. Usikadirie idadi, andika majina yenyewe. Upande mmoja waweke watu ambao wakikosekana siku hiyo utawatafuta kwa macho. Upande wa pili waweke wale unaowaalika kwa sababu nao walikualika, au kwa sababu mama anaimba nao kwaya. Ukimaliza, hesabu kila upande peke yake, kisha mkae na mchumba wako muuangalie ule wa pili bila haraka.

Wengi mnaoniandikia kutoka Kangemi, Uthiru, Waithaka na Kinoo mnauliza jambo moja: harusi ya nyumbani ni pesa ngapi? Hakuna atakayekujibu kwa haki kabla hajajua watakula wangapi. Kila mgeni huja na kiti chake, sahani yake, soda yake na nafasi yake chini ya hema. Tuseme kila kichwa kinakugharimu shilingi 800. Watu 80 ni shilingi 64,000. Watu 250 ni shilingi 200,000. Ua ni uleule, na ndoa ni ileile. Wengi huanza kupunguza maua na keki huku wakiacha orodha ya wageni ikinenepa, halafu wanashangaa mbona pesa hazitoshi.

Labda mnakumbuka Januari 2017, wapenzi wawili hapa Nairobi walipofunga ndoa kanisani wakiwa wamevaa jinzi, wakavishana pete za chuma zilizogharimu shilingi 100 zote mbili. Picha zao zilienea kote, na wafadhili wakawaandalia harusi kubwa ya bustanini Siku ya Wapendanao mwaka huohuo. Watu husimulia sana ile ya pili. Mimi huisimulia ile ya kwanza, kwa sababu walikuwa wameahirisha harusi kwa kukosa pesa, kisha wakaamua kwamba walichokuwa nacho kinatosha. Sikuambii uolewe na jinzi. Nakuambia kwamba uamuzi wa namna hiyo ufanywe mwanzoni, nyinyi wawili mkiwa peke yenu, kabla shangazi na wajomba hawajaketi mezani.

Sasa tuje uani. Wengi wenu upande huu wa magharibi mna bahati ambayo watu wa magorofa hawana: shamba la shosho huko Dagoretti, au ploti ya wazazi pale Kikuyu, mahali penye nyasi kidogo na mparachichi. Hiyo ni pesa nyingi ya ukumbi umeokoa. Lakini ukumbi huuza pia maji, vyoo, stima, maegesho na mtu wa kufagia, na hayo yote sasa ni juu yako. Nenda uwanjani na futi ya kupimia. Muulize mwenye hema ukubwa wake kwa hatua, usikubali jibu la "hili ni la watu 100," maana hesabu hiyo kwa kawaida ni ya viti vilivyobanana safu kwa safu. Ukiingiza meza, watu hupungua. Tazama juu pia: kuna nyaya za stima? Tazama chini: kifuniko cha shimo la choo kiko wapi? Lori la viti lisipite juu yake, na nguzo ya hema isisimame hapo. Kama lango ni jembamba, vijana wa kubeba viti kutoka barabarani watafutwe mapema, na chakula chao kihesabiwe.

Maji ya mfereji mitaani kwetu huja kwa zamu, kwa hiyo usiamini kwamba Jumamosi yatakuwepo. Jazeni tangi na mitungi tangu Jumatano. Vyoo ndivyo watu huona haya kuvizungumzia, kisha siku yenyewe bibi harusi anaulizwa ufunguo. Wageni wakiwa chini ya 100, omba majirani wawili wakufungulie vyao, wapelekee sabuni na karatasi, na umweke binamu mmoja wa kuvisimamia. Wakizidi hapo, kodisha.

Majirani waambiwe mapema, ana kwa ana, mlango kwa mlango. Mjulishe na mwenyekiti wa Nyumba Kumi, na uulize kaunti kuhusu kibali cha spika. Kanuni za kelele za mwaka 2009 hushusha kiwango cha sauti kinachoruhusiwa mitaani kuanzia saa mbili usiku, na jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kuzisoma ili apige simu polisi. Mimi ningemaliza sherehe mapema zaidi. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Viapo vikianza saa nne asubuhi, chakula saa saba, keki na zawadi saa tisa, basi saa kumi na moja wageni wa mbali wanaanza kuaga. Hapo hujalipia taa, hujalipia jenereta ya usiku, na shangazi aliyetoka Nakuru hajapata shida ya matatu. Kwa spika za mchana, nunua tokeni za stima za kutosha na umuulize dijei kama ana jenereta yake ndogo stima ikipotea.

Tarehe nayo ni pesa. Mvua za masika huja Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Julai hakuna mvua ya kutisha, lakini baridi ya upande wetu, kuanzia Dagoretti kupanda hadi Kikuyu, itawafanya wageni wakae na makoti huku gauni lako la mikono mifupi likikutesa. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, na kwa kuwa wengi hukimbilia Agosti na Desemba watoto wakiwa likizo, mwenye hema ana nafasi ya kusikiliza bei yako. Kwepa tu wikendi inayokaribia tarehe 14 Februari, maana waridi hupanda bei. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako papo hapo Dagoretti Corner. Fuata utabiri wao wiki hiyo, na hata ukiwa wa jua kali, agiza magunia kadhaa ya vumbi la mbao kwa maseremala wa Ngong Road. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa nusu saa tu hauachi kiatu. Vumbi la mbao likimwagwa langoni na njia ya kwenda mezani, bibi wazee watapita bila kuteleza.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, lakini usiiruke. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kiserikali huhitaji notisi ya siku 21 kwa msajili, na mashahidi wawili siku yenyewe. Ikiwa mnataka kiapo kifungwe uani, muulizeni mchungaji au msajili mapema ni leseni gani inahitajika kwa mahali hapo. Msingoje wiki ya mwisho. Kuna njia nyingine ambayo naipenda sana kwa wenye mfuko mwembamba: fungeni ndoa siku ya kazi pale Sheria House, Harambee Avenue, na wazazi na mashahidi wachache, kisha Jumamosi muwe na chakula cha mchana nyumbani. Hapo baraka na hotuba huwa za familia tu, na hakuna anayeangalia saa ya mchungaji. Mkitoka Sheria House mnaweza kutembea hadi City Market, Muindi Mbingu Street, mkajionea maua na kuagiza ya Ijumaa.

Chakula ndicho kiini cha siku. Wageni watasahau rangi ya vitambaa, ila aliyerudi nyumbani na njaa atakumbuka hadi ubatizo wa mtoto wako. Usijaribu vyakula kumi. Pilau, chapati, kuku au nyama ya mchuzi, kabeji, kachumbari, na kwa wazee wa nyumbani mukimo. Kwa watu 80, mchele kilo 10 unatosha kukiwa na chapati pembeni, kwa hesabu ya kilo moja kwa watu wanane. Nyama yenye mifupa, kilo moja kwa watu watano au sita, kwa hiyo kilo 15. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati kama 20; chapati moja kwa kila mtu ni pakiti nne, ongeza ya tano kwa ajili ya watoto na wapishi. Soda mbili kwa kila mtu ni chupa 160, yaani kreti saba za chupa 24. Chukua za chupa za kurudisha, na mkubaliane na mwenye duka kwamba ambazo hazikufunguliwa atazipokea.

Viazi, vitunguu na nyanya nunua soko la Marikiti alfajiri ikiwa una mtu mwenye gari. Kama huna, soko la Kangemi au Kawangware litakufaa, maana nauli ya kubeba magunia inaweza kumeza ulichookoa. Mpikaji nakushauri utafute akina mama wa chama wanaopikia mazishi na harusi mtaani. Wana sufuria kubwa, wanajua kuni zinavyotaka kupangwa, na hawaogopi umati. Wape orodha na pesa ya viungo, lakini nyama kainunue wewe au ndugu unayemwamini. Jambo moja nisisitize: pasiwe na kujipakulia. Weka watu watatu wa kupakua, mmoja akae kwenye nyama na asiondoke. Na tenga mapema sahani za wapishi, za dereva, za mpiga picha, na sufuria moja ya watoto wa mtaa ambao bila shaka watasimama langoni. Wasifukuzwe siku ya furaha yako.

Mavazi na mapambo hayana haja ya kukutoa jasho. Katika soko la Toi utapata gauni la mitumba la kupendeza ukienda asubuhi ya siku wanapofungua marobota, kisha fundi wa mtaani alibane kiunoni. Wapambe wawili wanatosha, na kitambaa chao kiko Biashara Street. Badala ya matao ya maua, zungumza na wenye vitalu vya miche vya kando ya Ngong Road wakukodishie mimea kwenye vyungu kwa siku moja, uache amana. Inapendeza, haichakai kwa jua, na Jumatatu inarudi kwao.

Picha, tafadhali, zipigwe hapohapo nyumbani. Najua kila mtu anataka Arboretum, na ni kweli bustani ile iliyoanzishwa mwaka 1907 ina miti ya kumeza macho. Lakini nimeona wageni wakikaa chini ya hema kwa saa tatu, chakula kikipoa, maharusi wakiwa wamekwama Valley Road. Kama lazima muende, nendeni siku nyingine, muulize ada ya picha kwanza.

Tumefika kwenye kamati, na hapa ndipo roho yangu huumia. Nimewaona wasichana wakiandaa mikutano ya michango kwenye mikahawa ya katikati ya jiji, soda na samosa wakilipa wao, wiki baada ya wiki, na kilichochangwa hakizidi sana kilicholiwa. Kamati yako iwe watu watano na ikutane sebuleni kwenu. Omba vitu zaidi ya pesa: mjomba alete mbuzi, rafiki wa kazini alete keki, kaka yako alipe hema moja kwa moja kwa mwenye hema. Ahadi iliyotamkwa kwenye kundi la WhatsApp isiandikwe kwenye bajeti hadi ujumbe wa M-Pesa uingie. Na mkopo wa simu kwa ajili ya harusi, hapana, mdogo wangu. Usiuchukue hata wa elfu tano za mwisho. Kinachokosekana, kiondolewe. Nimewasikiliza wanandoa wengi waliokuwa wakigombana kuhusu pesa za siku ambayo picha zake bado hawajazipokea, na sitaki uwe mmoja wao.

Wazazi wa pande zote watataka kuongeza watu. Usiwabishie kwa jumla. Wape viti: "Mama, una viti 15, waandike unaowapenda." Mama mkwe naye apewe vilevile, na bwana harusi ndiye amwambie mama yake, si wewe. Wazee hufurahi kuheshimiwa kwa uamuzi wao, na ukiwaachia kazi ya kuchagua, mara nyingi huchagua kwa makini kuliko sisi.

Kuna bahasha moja ya kuandaa Ijumaa usiku, na uikabidhi kwa mtu mtulivu ambaye hachezi densi. Ndani yake kuna pesa za akina mama wa jikoni, za vijana wa viti na za yule wa kuosha sufuria, kila moja imefungwa na kuandikwa jina. Awalipe kabla dijei hajazima spika, kisha asimame langoni ahesabu viti vikipandishwa lorini, pamoja na mwenye viti.