Kifafa ni Ugonjwa wa Ubongo: Mafunzo Kutoka kwa Panya

Mtu akianguka na kutetemeka katikati ya soko la Chwele, wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaomkimbia wakihofia kwamba povu lake litawaambukiza. Kifafa hakiambukizi, wala si laana. Ni hitilafu ya ubongo, na panya wa maabara wamesaidia kuonyesha jinsi inavyotokea.

Mlio unavyogeuka kuwa kifafa

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme na kemikali. Baadhi ya kemikali huziamsha. Nyingine, kama ile iitwayo GABA, huzituliza. Kifafa hutokea seli nyingi zinapotoa umeme kwa pamoja na kwa kupita kiasi.

Kuna panya wa ukoo uitwao DBA/2 ambao, wakiwa na umri wa takriban wiki 3, hushikwa na kifafa wakisikia kengele kali. Kwanza hukimbia ovyo, kisha huanguka na kurusha miguu, halafu mwili hukakamaa. Wengine huacha kupumua na kufa.

Mlio huo hutoka sikioni hadi kwenye kituo cha sauti kilicho katika ubongo wa kati. Hapo, kani ya kutuliza ikizidiwa, ishara huongezeka nguvu na kusambaa hadi kwenye sehemu zinazoendesha misuli.

Je, ni urithi pekee? La. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1967 ulionyesha kwamba hata panya wa ukoo usio na udhaifu huo, wakipigiwa kelele kali wakiwa wachanga, wanaweza kushikwa na kifafa wanaposikia kelele tena siku chache baadaye.

Kwa binadamu

Kifafa kinachochochewa na sauti ni nadra kwa binadamu. Visababishi vinavyojulikana zaidi ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali ya ubongo, majeraha ya kichwa na mabuu ya tegu wa nguruwe yanayoingia ubongoni.

Hata hivyo, njia ya tiba inafanana: dawa kama fenobabitoni huongeza nguvu ya GABA. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kushikwa wakitibiwa ipasavyo. Kwa hivyo, hakuna sababu ya kumtoa mtoto shuleni au kumficha nyumbani.

Mtu akishikwa na kifafa

- Ondoa moto, mawe na vitu vyenye ncha kali karibu naye.
- Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimzuie kwa nguvu.
- Mtetemeko ukiisha, mlaze kwa ubavu ili apumue vizuri.
- Tazama saa. Ukizidi dakika 5, mkimbize hospitalini.

Mgonjwa asiache dawa ghafla hata akijihisi amepona. Wazazi na walezi wanahimizwa kumwona mhudumu wa afya ya jamii au kufika katika kituo cha afya kilicho karibu.