Sharjere ya ordinatere ndogo: bei ndogo isilete kilio nyumbani



Leo hatuzungumzi juu ya kofia ngumu wala viatu vya kazi. Tunaingia ndani ya nyumba zetu. Familia nyingi zimekwisha kununua ordinatere ndogo, ile isiyopita ukubwa wa kitabu, ili watoto wafanye masomo. Ni jambo jema. Ordinatere ya namna hii inakula kuran kidogo, mara nyingi chini ya balbu ya zamani ya wati 60. Lakini haiwezi kuunganishwa na prizi ya ukutani bila msaada. Prizi inatoa volti 220. Ordinatere inataka volti 5, 12 au 19 tu. Kati yao kinakaa kisanduku tunachokiita sharjere. Hapo ndipo hatari inapojificha.

Siku moja baba mmoja wa kazi ya usiku alituletea mtoto wake kwenye dispansere. Vidole viwili vilikuwa vimeungua, na mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima. Baba alikuwa ameweka pesa miezi mingi kwa kununua ordinatere. Ilipobaki pesa kidogo, alichukua sharjere ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Siku ya tatu ikapasuka ndani, na kuran ya prizi ikapita mpaka kwenye waya aliokuwa ameshika mtoto. Mtoto alipona. Ordinatere haikupona. Baba akaniambia: «Munganga, kule kazini nakagua kila chombo mbele ya kukishika. Nyumbani sikukagua kitu.»

Basi, tujifunze kukagua.

1. SOMA MAANDIKO

Kila sharjere nzuri ina maandiko mgongoni. Sehemu ya kuingia inaandikwa INPUT au ENTRÉE: hapo utafute 100-240 V, 50/60 Hz. Kuran yetu ya volti 220 imo katikati, basi inafaa. Ukiona 110 V au 120 V peke yake, uiache, itaungua.

Sehemu ya kutoka inaandikwa OUTPUT au SORTIE. Linganisha na maandiko ya ordinatere yako, na ushike sheria mbili:

Volti ziwe sawasawa. Ordinatere ya volti 12 usiipe 19. Utaiua mara moja.

Ampere ziwe sawa au zaidi, zisipunguke. Ampere nyingi haziharibu kitu, kwani ordinatere inachukua zile inazohitaji tu. Lakini zikipunguka, sharjere inafanya kazi kupita nguvu yake, sawa na mtu mmoja aliyebebeshwa mzigo wa watu watatu. Inapata moto, na mwisho inapasuka.

Tena, kama kichwa cha waya ni cha mviringo, angalia mchoro mdogo wenye alama + na −. Mchoro wa sharjere ufanane na ule wa ordinatere. Upana wa kichwa nao uingie bila kulazimisha.

2. FANYA HESABU

Hesabu ni rahisi: volti mara ampere ni wati. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampere 3, yaani kama wati 15. Raspberry Pi 5 inataka volti 5.1 na ampere 5, kama wati 25. Ordinatere nyingine ya volti 12 na ampere 3 inafika wati 36. Ongeza akiba kidogo kama utaunganisha diski au vyombo vingine. Lakini usidanganywe kulipa sharjere ya wati 100 kwa ordinatere ya wati 15. Hiyo ni pesa ya chakula inayopotea.

3. KAGUA KWA MKONO NA KWA MACHO

Ndani ya sharjere kuna pande mbili: upande wa volti 220 na upande wa volti ndogo. Mtengenezaji mwema anaziachia nafasi ya milimetre kadhaa katikati na kuweka kizuizi kizuri. Mwenye kutafuta faida ya haraka anazikaribisha sana. Siku kizuizi kinapoharibika, volti 220 zinafika kwenye vidole vya mtoto.

Hatuwezi kuona ndani, lakini tunaweza kuangalia dalili. Sharjere iliyo nyepesi kama kiberiti kitupu, ila imeandikwa ampere nyingi, uitilie shaka. Maandiko yenye makosa, plastiki inayofunguka kwa ukucha, miguu ya prizi inayocheza: iache sokoni. Tafuta alama ya kisanduku ndani ya kisanduku. Inaonyesha kwamba kizuizi ni cha mara mbili. Hata alama inaweza kuigwa, kwa hiyo nunua kwa mwenye duka anayejulikana, anayekubali kubadilisha kitu kikiharibika.

Usifungue sharjere kwa kuichungulia. Hata ikitolewa kwenye prizi, inaweza kushika ndani yake volti zaidi ya 300 kwa muda.

4. WAYA NAO NI SHABA

Sisi tunaoishi kwa shaba tunajua kazi yake: inapitisha kuran vizuri. Lakini waya wa bei ndogo mara nyingine ni aluminiumu iliyopakwa shaba juu tu, nayo inazuia kuran zaidi. Wembamba nao ni adui. Chukua waya wa metre 1 wenye nyuzi za shaba za unene wa milimetre 0.3, upitishe ampere 3: njiani zinapotea volti zaidi ya 1. Kati ya volti 5, zinafika kama 3.5, na ordinatere haiwezi kufanya kazi. Nyuzi za milimetre 0.8 zinapoteza kama 0.2 tu. Kwa hiyo chagua waya mfupi na mnene. Raspberry Pi ikionyesha alama ya radi kwenye skrini, inalia njaa ya volti. Usingoje.

5. NAMNA YA KUPUNGUZA PESA BILA HATARI

Sharjere ya ordinatere ya kubeba iliyokufa, ya volti 19 na wati 65, inaweza kufaa ordinatere ndogo ya volti 19, kama kichwa na alama + na − vinalingana. Sharjere nzuri ya simu ya volti 5 na ampere 3 inaweza kulisha Raspberry Pi 4. Kitu kizuri kilichotumika kinashinda kitu kipya kibaya.

Ninyi mnaotumia batri ya jua, mjue: batri ya volti 12 inapojazwa inapita volti 14. Usiiunganishe na ordinatere ya volti 12 bila chombo cha kusawazisha volti katikati.

6. KILA SIKU NYUMBANI

Weka sharjere juu ya meza au simenti, si juu ya kitanda wala chini ya nguo. Kuwa vuguvugu si neno. Ikishinda mkono kuishika, itoe. Wakati wa delestaji, iondoe kwenye prizi, ungoje dakika chache kuran ikirudi, kwani mara nyingi inarudi na kishindo. Mikono iwe mikavu.

7. MTU AKISHIKWA NA KURAN

Milampere 30 zikipita kifuani zinaweza kuvuruga moyo. Usimshike mtu huyo. Kata kuran kwanza. Kama haiwezekani, simama mahali pakavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Asipoitika na asipopumua, ita watu wamlete hospitali, na wewe uanze kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha.

Penye kuungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Hata kidonda kikiwa kidogo, mlete mgonjwa tumwangalie, kwani kuran inaweza kuumiza moyo bila kuacha alama kubwa kwenye ngozi.

SWALI LA KUJIBU NYUMBANI

Ordinatere imeandikwa volti 12, ampere 2. Mezani pana sharjere tatu: ya kwanza volti 12, ampere 1, ya pili volti 12, ampere 3, ya tatu volti 19, ampere 3. Mtachagua gani? Waacheni watoto wajibu mbele ya baba na mama.

Jibu: ya pili. Ya kwanza itaungua yenyewe, ya tatu itaua ordinatere.

Kazini hatushiki chombo tusichokikagua. Nyumbani pia iwe vile vile.