Homa ya Ini Aina ya C: Usiishie Kipimo cha Kwanza

Homa ya ini aina ya C huenezwa kwa damu, kupitia sindano, wembe au kifaa cha kuchanjia chale kilichotumiwa na mwingine. Virusi vyake huharibu ini kwa miaka mingi bila dalili.

Kipimo cha kwanza huonyesha tu iwapo mwili umewahi kukutana na virusi. Baadhi ya watu huvishinda bila dawa. Kipimo cha pili cha damu ndicho huthibitisha kama vingalipo.

Ugonjwa huu hauna chanjo, lakini vidonge, kwa kawaida vya wiki 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, mkazi amwulize mhudumu wa afya kuhusu vipimo vyote viwili.