Mbwa Mwenye Upele

Mbwa anajikuna usiku na mchana. Manyoya yanamtoka masikioni. Huenda ana upele. Upele huu huletwa na utitiri, wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Huambukiza mbwa wengine. Watoto wanaocheza naye huweza kuwashwa pia.

Hapa Busisi kuna magari na mitumbwi ya injini. Oili chafu haikosekani. Wako watu wanaompaka mbwa. Usifanye hivyo! Oili na mafuta ya taa huunguza ngozi. Mbwa akijilamba, anakula sumu.

Fanya haya:

1. Mtenge na mbwa wengine.
2. Mwogeshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu.
3. Choma matandiko yake.
4. Mwite bwana mifugo. Sabuni huondoa uchafu. Dawa ndiyo inayoua utitiri.

Swali: Kwa nini oili chafu ni hatari?