Mwili Una Haki Yake: Mazoezi Unapopunguza Vyakula vya Wanga



Muhula uliopita niliamua kupunguza vyakula vya wanga. Baba yangu anaugua kisukari, nami nilikuwa nimenenepa kwa posho, matoke na chapati za kila usiku. Niliviacha vyote kwa siku moja. Siku ya nne, baada ya Alasiri, nilikwenda uwanjani kucheza mpira kama kawaida. Hazikupita dakika 20, miguu ikawa mizito, kichwa kikagonga, macho yakaona giza. Magharibi niliswali nimekaa. Mgonjwa ana ruhusa hiyo, lakini ugonjwa wangu nilijitakia mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kichwa.

Ndugu yetu mmoja anayesomea uuguzi alinieleza nilipokosea.

Kinachotokea mwilini

Wanga tunaokula hugeuka sukari, na akiba yake hukaa kwenye ini na misuli. Kila gramu 1 ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukikata wanga, akiba hupungua na maji yake hutoka; figo nazo hutoa chumvi nyingi zaidi. Ndiyo maana uzito hushuka haraka wiki ya kwanza: kilichoondoka zaidi ni maji, si mafuta. Hapo huja kizunguzungu, kichwa kuuma na misuli kukaza.

Mwili hujifunza kutumia mafuta zaidi, lakini huhitaji wiki kadhaa. Kutembea huweza kuendeshwa na mafuta vizuri. Mbio za kasi na mpira huhitaji sukari zaidi. Mimi nilidai kasi siku ambayo akiba ilikuwa imekwisha.

Dini inatufundisha nini

Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimzuia na kumfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, kama ilivyopokewa na Bukhari. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, itakuwaje mlo na mazoezi?

Sote tunaijua hadithi ya Muumini mwenye nguvu, iliyopokewa na Muslim. Huisomwa sana kwenye viwanja vya michezo. Lakini Imam Nawawi aliieleza nguvu hiyo kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya akhera. Basi mazoezi ni njia tu. Yakikunyima kisimamo cha swala, njia imelipotosha lengo.

Fanya hivi

1. Punguza kidogo kidogo. Nilianza upya kwa nusu ya posho niliyozoea, nikaongeza mayai, mukene na mboga za dodo. Maharage yana wanga pia, lakini yana protini na nyuzinyuzi, sikuyaacha.

2. Wiki 2 za mwanzo tembea na unyooshe viungo. Mpira na mbio vingoje mpaka uone nguvu zinarudi.

3. Kunywa maji, na usiikimbie chumvi ya kwenye mchuzi. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo amuulize daktari kwanza.

4. Usianze wiki ya mitihani, wala usiunganishe mwanzo huu na funga za Jumatatu na Alhamisi. Sunna hizo zitakusubiri.

5. Ukiona giza au kutetemeka, acha mazoezi, kaa, kula kitu. Hali ikiendelea, nenda zahanati.

6. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au insulini asibadilishe mlo wala mazoezi bila daktari. Sukari yake inaweza kushuka ghafla, na hilo ni hatari kwa uhai. Allah (S.W.) ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu (Al-Baqara, 195).

Wiki ya tano nilirudi uwanjani. Nilicheza kipindi kimoja tu, nikatoka, nikachukua udhu. Magharibi ile niliswali nimesimama katika safu ya kwanza, na niliijua neema ya miguu kuliko nilivyowahi kuijua.

Ndugu msomaji, kabla hujakata chakula, sahihisha nia yako na uliza wenye ujuzi. Allah atujaalie afya tutakayoitumia katika kumtii, na awaponye wazazi wetu wanaougua. Aamin.

Wallahu aalam.