Mfupa Una Ratiba Yake

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera. Kuta ziliporomoka, zaidi ya watu 400 wakajeruhiwa. Habari zilipita siku chache tu. Kupona kulichukua muda.

Mwanachuo mwenzangu, kama uko wodini Bukoba au nyumbani Muleba na mguu umevunjika, sikia hili: mfupa wa paja huhitaji miezi 3 hadi 6 kuunga. Basi usiipime wiki kwa kutembea. Pima kwa madogo: leo umekaa wima, kesho umefika mlangoni kwa magongo. Andika daftarini. Mazoezi usiyaruke. Ndugu akikuletea ndizi akauliza hali, mwambie kweli kama unaumia. Kutumaini siyo kujifanya mzima. Ni kujua safari ina vituo, na cha leo umekifikia.