Ganda la Komamanga na Tumbo la Kuhara

Swali: Bwana Mhariri, jirani yetu hapa Mulongwe, Uvira, humnywesha mtoto anayehara maji ya maganda ya komamanga. Je, ni dawa ya kweli?

Jibu: Mama mheshimiwa, tunda hili, ambalo Kurani imelitaja mara tatu, na ambalo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, mfano wake ulitiwa kwa nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu kwenye pindo la joho la kuhani Haruni, lina ganda lenye ukakasi unaokaza ulimi, na kwa ukakasi huo matabibu tangu zama za kale wamelitumia kuzuia tumbo, wala sithubutu kuidharau hekima yao. Lakini Uvira yaijua kolera. Mtoto akitoa choo mfano wa maji ya mchele, kinachomuua ni kuishiwa maji, na ganda haliyarudishi. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, mnyweshe kidogo kidogo, na mkimbizeni hospitali, hata ikiwa usiku. Akipona, ale punje za komamanga kwa raha. Magome ya mizizi ya mkomamanga msimpe kamwe: yana sumu.